Maji Hufika Wapi Masika

...na hanijui, ananitazama usoni kabisa na hanijui, Harith yuleyule, tumbo limeongezeka na ndevu zimeingia mvi lakini ni yeye, ananiita mama, "Mamangu, nambie kweli, masika haya maji hufika wapi?" na kidole chake kinaelekeza ziwani, Jipe imetulia kule nyuma ya matete kana kwamba haijawahi kumdhuru mtu, na mimi nimeitwa hapa kwa sababu shamba langu ndilo linalopakana na hili, jirani ndiye huulizwa kabla ardhi haijauzwa, anaonyesha mpaka na kusema anachojua, basi niseme ninachojua, Harith? Niseme najua unavyokunywa chai, tangawizi nyingi, sukari kidogo, nilikupikia kila ulipotoka Voi kuja Diani kukagua ploti yako ya ufuoni, miaka yote ile mume wangu Onesmus alipokuwa mlinzi wako, akilala kwenye kibanda cha makuti, akifukuza waliotaka kuivamia, akapigwa panga la bega kwa ajili ya mchanga usio wake, nawe ukamwambia, Onesmus, wewe ni ndugu yangu, kona ile nitakukatia... Munyoki anakohoa, huyu broka wake anataka nijibu haraka, ananikonyeza tangu asubuhi, na ule mti wa mgunga ulio katikati ya ploti ameupaka chokaa yeye mwenyewe, kuanzia chini hadi usawa wa kifua, Harith ameusifu, kasema unapendeza kama wa hotelini, hajui chini ya chokaa kuna alama ya tope, maji yalifika pale yakakaa, viboko wakawa wanajilalia hapa anapotaka kujenga sebule, "Mzee, hapa ni mstari wa kwanza kabisa kutoka majini," anasema Munyoki, "Diani saa hii kwa hii bei hata choo hupati," na Harith anacheka, anasema Diani imemshinda, Kilifi imemshinda, alipouza yake alidhani atapata nyingine palepale... aliuza, ndiyo, bei ilipopanda kona ikasahaulika, tukatolewa siku ya mvua, godoro kichwani mwangu na mwanangu Griffin mgongoni, na Onesmus kasimama barabarani anauliza, amesemaje? Harith mwenyewe amesemaje? akaendelea kuuliza hata tuliporudi kwao Wusi, hata alipolala kitandani asiinuke tena, amesemaje, mpaka tukamzika, na mimi juu ya kaburi lile nikaapa Harith atalipa, na sasa Mungu amemleta kwa miguu yake mwenyewe, anatafuta maji ya bei nafuu, neno moja tu linatosha, hayafiki, baba, tangu nihamie huku sijayaona yakifika hapa, na atajenga, ataleta vigae na madirisha ya vioo, kisha masika imkute kitandani, ateremshe miguu aikute iko majini, aulize na yeye, aulize kuta zake, nami nitakuwa pale juu kwangu natafuna mahindi ya kuchoma nikimtazama, nitafurahi, kwa nini nijidanganye, nitafurahi sana, ulimi uko tayari...

"Na wewe kijana," si mimi anayesemeshwa, ni Griffin wangu aliyenisindikiza, mrefu kama babake, hajapata kazi tangu amalize shule, "wewe ndiye utakayenitunzia ploti hii, wewe sasa ni ndugu yangu, na kona ile nitakukatia," na Griffin anacheka meno yote nje, "Poa mzee, hata kesho naanza," hana habari, sikuwahi kumtajia jina la mtu huyu, nilimwambia tu babako aliugua, na mkono wa Harith unakata hewa vilevile, maneno yaleyale, hata hakuyabadilisha, na kibanda kitakaa wapi kama si chini ya mgunga, na maji yatamkuta nani kwanza, si Harith, Harith atakuwa Voi kwenye shuka kavu, ni mwanangu atakayeamka na viboko mlangoni... nimkataze? Ataniona ninamzibia riziki, mtu mzima yule. Kwa hiyo ni ukweli, ee Mungu, ukweli ndio umebaki, niseme hufika kifuani, baba, kwaruza chokaa uone, Munyoki atanitukana wacha anitukane, lakini huyu, huyu atanishika mkono kwa mikono yake miwili, ahsante mamangu, Mwenyezi Mungu akulipe, aingie garini mzima, mkavu, na pesa zake zote... nimwambie basi mimi ni nani? Nilitaje jina la mume wangu? Atakunja uso, atafikiri kwa heshima, kisha ataniuliza, Onesmus yupi?

"Mama, umenisikia?"

Nimekusikia. Kidole bado kiko ziwani, Griffin bado anacheka, na mimi nakusanya mate mdomoni niweze kusema, nimwokoe mtu huyu nikiwa bado namchukia.