Muhuri Juu ya Tarehe

Simu ya kwanza ilimkuta Somoe na kitumbua mdomoni. Alikimeza bila kutafuna, jambo lisilo gumu kwa vitumbua vya mwaka ule. Mchele ulipopanda, mama muuzaji hakugusa bei yake hata kidogo. Alipunguza kitumbua chenyewe, kidogo kidogo kama panya anayekula gunia, mpaka kikabaki cha kubembelezea njaa tu. Somoe akafuta vidole kwenye kanga, akapokea.

"Umoja wa Vikundi vya Korosho vya Pwani. Karibu."

Alikuwa mkulima wa Naliendele akiuliza siku ya mkutano. Wa pili alitaka habari za miche, na wa tatu hakuwa na swali lolote. Alitaka kuisikia sauti ya Somoe ili amweleze mwenzake aliyekuwa kando kwamba kweli Umoja una mtu anayejibu. Somoe alicheka naye, akamtakia siku njema.

Surua ilimchukulia macho akiwa mdogo, lakini masikio ilimwachia yote, na kwa masikio hayo aliujua Umoja mzima. Alijua nani kaja kwa viatu vya kuazima, alijua Katibu kaamkaje kwa jinsi alivyokohoa mlangoni. Kazi ya opereta aliipenda waziwazi, bila aibu. Wako watu wanaoipenda kazi siku ya mshahara tu. Yeye aliipenda hata Jumatatu.

Ila asubuhi hiyo kitumbua kilishuka na wasiwasi. Simu za mkononi zilikuwa zimeenea mpaka mashambani, na ofisi nyingi za mjini Mtwara zilishaziondoa swichibodi zao pamoja na waliozikalia. Katibu wa Umoja, Bwana Nangomwa, naye alikuwa amesimama mbele ya meza ya Somoe wiki chache nyuma na kutangaza zama mpya. Umoja sasa una tovuti, alisema. Matangazo yote yamo humo. Opereta anayestahili kiti ni yule atakayewasomea wakulima moja kwa moja kutoka kwenye tovuti, si anayezunguka kugonga milango ya wakubwa akiuliza dawa ya salfa inakuja lini. Tangu siku hiyo ilikuwa marufuku kumwambia Somoe jambo kwa mdomo. Na leo saa nne Mwenyekiti wa bodi angekuja kumtazama akifanya kazi hiyo. Akiweza, atabaki. Akishindwa, nafasi ifutwe.

Kompyuta aliiweza. Elia, fundi aliyeitengeneza tovuti hiyo, kijana mpole asiyeacha kutafuna kashata, alimwekea programu inayosoma maandishi kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeng'ata korosho mbichi na maganda yake. Somoe alimwita Padri, kwa kuwa alimkumbusha padri mzee wa Kizungu aliyekuwa akipita shuleni kwao. Walielewana, yeye na Padri. Padri alimsomea magazeti, alimsomea habari za mpira, na mara moja alimsomea mapishi ya biriani kwa huzuni kubwa mpaka Somoe akachelewa kurudi nyumbani kwa kucheka.

Lakini akifungua tovuti ya Umoja, Padri alisema, "Picha. Picha. Picha. Picha. Kiungo, rudi mwanzo." Basi. Hapo alinyamaza kama mtu aliyeulizwa habari za deni.

Sababu ilikuwa muhuri. Miaka ya nyuma tapeli mmoja aliandika tangazo la uongo la minada, wakulima wakajazana uwanjani na magunia yao, mvua ikawanyea na mnunuzi asionekane. Bwana Nangomwa alidhalilika siku ile, akaapa kwamba neno la Umoja lisilo na muhuri halitatoka tena mlangoni mwake. Kwa hiyo kila tangazo lilipigwa chapa, likasainiwa, likagongwa muhuri, kisha Elia akaamriwa kulipiga picha kwenye skana na kuibandika picha hiyo kwenye tovuti jinsi ilivyo. Elia alijaribu kueleza kwamba maneno yakiandikwa yenyewe, kila mtu atayasoma, na programu ya Somoe pia. Akaambiwa kwamba maneno matupu ni umbea.

Saa nne Mwenyekiti akafika. Mwalimu Theresia alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa Masasi mwenye mwendo mzito na sauti ya kunyamazisha darasa. Alimsalimu Somoe kwa kumshika mikono yote miwili, akavuta kiti. Katibu alisimama nyuma yake. Elia alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitafuna kitu.

Simu ikalia.

"Mwanangu, ni Hadija wa Ziwani," ilisema sauti ya bibi mmoja, upepo ukimvumia. "Nnataka salfa. Nkorosho umetoa maua, na ule unga mweupe umeanza kuyala. Huyu anasema salfa inakuja Jumamosi, yule anasema Jumatatu. Nitafute punda wa siku gani?"

Somoe alimwomba asubiri. Akafungua spika ili wote wasikie, vidole vyake vikaenda kwenye kibodi.

"Picha," alisema Padri. "Picha. Picha."

"Unaona, Mwalimu," alisema Katibu polepole. Hakuwa na furaha ya kusema hivyo, hilo tumpe haki yake. "Dada yetu ni mtu mwema. Lakini tovuti inataka macho."

Somoe alihisi masikio yake yakiwaka moto. Alikuwa ameahidi moyoni kwamba hatalia mbele ya watu, na ahadi hiyo ilianza kumtoroka.

Mwalimu Theresia akainamia kioo. Alimuuliza Elia kwa nini mashine haisomi, na Elia akamweleza kwamba kwa mashine hayo hayakuwa maneno, ni sura ya karatasi, na kwake barua na mbuzi ni mamoja vikishapigwa picha. Mwalimu akaguna. Kisha akageuka.

"Mama wa watu yuko hewani, anatumia vocha yake. Msomee wewe, Katibu."

Bwana Nangomwa hakungoja kuombwa tena. Akavaa miwani, akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akasoma kwa sauti ya minada. "Wakulima wote wa Ziwani mnatangaziwa kwamba dawa ya salfa kwa ajili ya ubwiriunga itagawiwa katika ghala lenu siku ya..."

Akasogeza pua karibu na kioo.

Katibu alikuwa na namna yake ya kugonga muhuri, na aliionea fahari. Hakuupiga pembeni kama makarani wa ofisi nyingine. Aliukalisha palepale kwenye siku na tarehe, kwa nguvu, ili asije mjanja akaibadili. Kwenye karatasi ulikuwa wa zambarau, na mtu mwenye subira angeweza kuitafuta siku chini yake. Skana ikaugeuza kuwa doa jeusi lenye mawimbi.

"Siku ya nini?" aliuliza Bi Hadija.

Katibu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Mwalimu Theresia akajaribu na yake. Elia akaikuza picha, na doa nalo likakua, likajaa kioo kizima. Wakaitafuta karatasi yenyewe kwenye faili, wakaipeleka dirishani, wakaiinamisha huku na huku. Mmoja akaona herufi ya Jumamosi, mwingine akaiona hiyohiyo kuwa ya Jumatatu. Katibu akasema yeye ndiye aliyeliandika tangazo hilo, ngoja akumbuke, halafu ikadhihirika kwamba hakumbuki.

Somoe ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia, kicheko kikatokea puani. "Mama Hadija," alisema, "usinikatie. Leo huku ofisini hakuna anayeona."

Kule Ziwani bibi akacheka bila kujua anachekea nini. Elia akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mwalimu Theresia alijitahidi kukaza uso wa ualimu mkuu, lakini ukamponyoka, akacheka mpaka akaomba leso. Na Bwana Nangomwa, ambaye wote walimwogopa, akaketi kwenye kiti cha wageni akasema taratibu kwamba sasa ndio anaelewa kwa nini simu zimezidi tangu tovuti ianze. Alikuwa akiwaambia wajumbe kwamba ni matunda ya maendeleo.

Alipiga simu ghala la mjini mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Somoe akampa Bi Hadija siku yake, na bibi akamtakia maisha marefu na mume mwenye mikorosho mingi.

"Iandike, Elia," alisema Mwalimu Theresia. "Kwa maneno."

"Na muhuri?" Katibu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenyang'anywa kitu. "Tapeli akija tena?"

Elia akamwambia kwamba picha ya muhuri inaweza kubaki pale chini, peke yake, na nyuma ya picha huwekwa maelezo mafupi. Asiyeona picha atasomewa maelezo. Kilichotakiwa ni Katibu aseme tu muhuri wake ukoje.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Bwana Nangomwa swali hilo. Akautoa mfukoni, akaushika mkononi kama yai, akaanza kusema huku Elia akiandika, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kupata maneno. Kisha Somoe akabonyeza, na Padri akasoma tangazo zima la salfa, kijiji, ghala na Jumamosi, akamalizia kwa lafudhi yake ya maganda: "Muhuri wa Umoja. Ni wa duara, rangi ya zambarau. Katikati kuna bibo limening'inia na korosho yake chini, na majani mawili pembeni."

Somoe alikuwa amefanya kazi miaka mingi akiusikia muhuri huo ukigongwa chumba cha pili, dufu, dufu, mpaka meza zinatikisika.

"Kumbe kuna bibo?" alisema.

"Lipo," alisema Katibu. "Na majani. Niliyachora mimi."

Somoe akarudia kumsikiliza Padri mara nyingine, na nyingine tena. Machozi aliyokuwa ameyazuia mapema yakashuka sasa, akayaacha yashuke, kwa maana yalikuwa ya furaha na hayakumharibia mtu kitu. Mwalimu Theresia akamwagiza Elia matangazo yote ya tovuti yaandikwe upya hivyohivyo, tangu la kwanza. Elia akaitikia huku akitoa kashata mfukoni, akaigawa, na kwa muda kidogo ofisi ile ikawa kama nyumba yenye harusi.

Katibu ndiye aliyeikatisha furaha hiyo. Alikohoa, na Somoe aliyejua vikohozi vyake vyote akajua kwamba hiki ni cha kazi. Bahasha ikawekwa juu ya meza yake.

"Nisamehe, Somoe. Hii ilipaswa ikufikie leo. Ni ya kufuta nafasi."

"Lakini nimeweza," alisema Somoe. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Ila imeshasainiwa. Ina muhuri. Kuitengua mpaka bodi ikae, na bodi haikai mpaka msimu uishe."

"Ilisainiwa lini?"

Katibu akavua miwani, akaanza kuifuta. Aliyejibu ni Mwalimu Theresia, na sauti yake safari hii isingenyamazisha hata darasa la chekechea. "Wiki iliyopita. Nilisaini mimi. Nikaambiwa kuja leo ni kukamilisha utaratibu tu."

Ndivyo ilivyokuwa, basi. Mtihani ulisahihishwa kabla ya mwanafunzi kushika kalamu, na wasahihishaji wakaja kumpungia mkono. Hasira ilimpanda Somoe, hasira safi ya mtu aliyeonewa, na ajabu ni kwamba ilipofika kooni ikakikuta kicheko bado hakijatoka, vikapita pamoja. Alipapasa meza, akaishika bahasha, akaipima uzito wake mkononi. Halafu akainyoosha kuelekea kule kikohozi kilikotokea.

"Hii mimi kwangu ni picha, Katibu. Mpe Elia aiandike kwa maneno, aiweke kule pamoja na matangazo mengine. Na bibo aliweke, na majani. Siku Padri akinisomea, nitafungasha."

Bwana Nangomwa aliishika bahasha ile, akamtazama Mwenyekiti.

"Dada Somoe kasema haki," alisema Elia na kashata mdomoni. "Ila matangazo yaliyotangulia ni mengi, ya tangu tovuti ianze. Umeme wenyewe ndio huu, leo upo, kesho haupo."

"Foleni ifuatwe," alisema Mwalimu Theresia. "Hilo nalo ni agizo la Mwenyekiti."

Katibu alisimama kidogo. Kisha akaitia bahasha katikati ya rundo la matangazo ya zamani, si juu na si chini, akalisawazisha rundo kwa viganja vyake, akamkabidhi Elia.

Simu ikalia. Somoe akafuta macho, akapokea. Alikuwa mtu wa Mikindani, naye alitaka kujua salfa yao inakuja lini. Elia akalitafuta tangazo la Mikindani, akaanza kuliandika.

"Shika hapohapo, kaka," alisema Somoe. "Nakusomea."