Jina kwenye Karatasi ya Jiwe

Avelina aliliweka jiwe mbele ya mzungu aliyekusanya mawe pale Makambako. Lilikuwa fuwele safi, refu kama kidole. Kaka yake, Odilo, alilichimbua siku ileile shimo lilipoporomoka na kumfukia.

"Kwenye karatasi ya jiwe, andika na jina la kaka yangu aliyelichimba," aliomba.

"Mchimbaji haandikwi, mama. Huandikwa mahali lilipotoka, na jina langu mimi mkusanyaji."

"Kwani bwana ulishika sururu?"

"Limetoka wapi?"

"Odilo," Avelina alisema.

"Sijapasikia."

"Ni juu ya Mawengi, bwana. Pamefukiwa."

Mzungu akaandika: Odilo, Wilaya ya Njombe, Tanganyika.

Avelina hakujua kusoma. Alimwomba amwonyeshe neno la kwanza, akaligusa kabla wino haujakauka.