Kampaundi ya Sita

Ndanu alilijua kosa lake tangu siku alipolitenda, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Laiti angekosea kwa kutojua, angepata usingizi.

Alikuwa akisomea shahada ya pili ya kemia, akiishi na kaka yake Munyoki, dereva wa lori, katika mtaa wa Baba Dogo. Kazi yake haikuhitaji chupa wala moto. Kwa kompyuta peke yake alipiga hesabu za jinsi urani inavyoshikana na molekuli nyingine. Urani ni mojawapo ya aktinidi, zile metali nzito zilizopangwa chini kabisa ya jedwali la elementi, na wataalamu hawajamaliza kubishana kuhusu vifungo vyake. Je, urani humvuta jirani kwa nguvu ya chaji tu, chanya kwa hasi, au elektroni zake huchanganyika na za mwenzake zikawa mali ya wote wawili? Ndanu alishikilia kwamba kadiri elektroni zinavyochanganyika, ndivyo kifungo kinavyokaza.

Alijaribu kampaundi sita, katika kila moja urani ikiwa imeungana na molekuli tofauti. Tano zilijipanga kwenye mstari wa grafu bila shida. Ya sita, ambamo urani ilishikwa na molekuli yenye mikono miwili ya salfa, ilimkatalia. Humo elektroni zilichanganyika kuliko katika zote, lakini kifungo kilikuwa legelege. Hata maji ya kawaida yangekifungua.

Alirudia hesabu mara nne, jibu likawa lile lile. Zilibaki siku mbili tu za kuwasilisha makala, na msimamizi wake, Daktari Okinyi, alikwisha kuusifu ule mstari mbele ya wageni. Ndanu akaandika kampaundi tano. Ile ya sita akaifungia ndani ya folda isiyo na jina. Makala ikachapishwa, na haukupita muda akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea uzamivu mara atakapomaliza shahada yake.

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini Idil aliisoma ile makala.

Idil alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza, binti ya Batulo, mama mwenye duka la vitambaa Eastleigh. Yeye alikuwa mtu wa maabara hasa. Alitaka kutengeneza unga wa kunasa urani iliyomo kwenye maji ya visima. Aliufuata mstari wa Ndanu hadi mwisho wake, akaona kile ambacho mtu yeyote makini angekiona: kwamba mikono ya salfa ndiyo ingeshika kuliko yote. Wakinywa chai kwenye kantini ya chuo, akamweleza Ndanu kwamba ameamua kuitengeneza molekuli hiyo. Ndanu akafungua kinywa, akasema ni wazo zuri.

Idil akahangaika nayo miezi kumi na minne. Nguo zake zilinuka yai viza, hata mamake akawa anamwomba kwa upole asipitie dukani akitoka maabara. Hatimaye akaupata unga wake, mweupe na safi. Akauchanganya na maji yenye urani, akauchuja. Rangi ya manjano ya urani ikabaki majini vile vile. Akadhani unga una uchafu, akaanza upya. Mara tatu alianza upya, na kila mara alimuuliza Ndanu anakosea wapi. Ndanu akamshauri aondoe unyevu kwenye vimiminika vyake vizuri zaidi, tena apime asidi kwa uangalifu. Mwanzoni alikuwa amenyamaza tu. Sasa alikuwa akidanganya kwa mdomo wake mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya safari ya Ndanu, Idil alimwambia anaacha masomo. Alisema huenda Mungu hakumpa kipaji cha maabara, na duka la mamake linahitaji mtu. Aliyasema hayo akicheka, na Ndanu akashindwa kumtazama.

Kesho yake asubuhi Ndanu alikwenda Eastleigh, kompyuta begani. Batulo alimpokea kwa furaha, akamwonyesha shali nzito ya sufu aliyomwekea kwa ajili ya baridi ya huko aendako. Ndanu aliipokea kwa mikono miwili, asijue aitazame au aiweke chini. Kisha akapanda ghorofani kwa Idil, akaifungua ile folda, akamsogezea kompyuta.

Idil alisoma kwa muda mrefu.

"Hii ni ya lini?"

"Kabla hujaanza."

"Kwa hivyo nilipokuwa nakuuliza nakosea wapi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Ndanu alianza kueleza habari za tarehe ya makala na sifa za Okinyi, akaisikia sauti yake ikijitetea, akaacha. "Niliogopa," akasema. "Halafu kila mwezi ukipita, ikawa vigumu zaidi kusema."

Idil hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu, la kemia: inawezekanaje elektroni zichanganyike hivyo na kifungo kiwe dhaifu? Ndanu akamweleza kwamba viwango vya nishati vya urani na salfa vimekaribiana mno, kwa hiyo elektroni huchanganyika hata kama mawingu yake, yaani nafasi zinamozunguka, hayajakutana vizuri. Kuchanganyika huko hakuongezi nguvu. Idil aliandika yote kwenye daftari, akalifunga, akamwomba aondoke. Ndanu alishuka ngazi, akaiacha shali kwenye kiti cha dukani Batulo akiwa na wateja.

Siku hiyo hiyo alimwendea Daktari Okinyi, akakiri yote. Mzee akasema barua kwa wahariri iandikwe sasa hivi, na yeye pia atatia sahihi, kwani aliupenda mstari ule mno hata hakuuchunguza. Makala ikaondolewa. Ufadhili nao ukaondolewa. Munyoki alilirudisha sanduku la safari juu ya kabati bila kuuliza neno.

Idil hakuacha masomo. Majaribio yake yaliyoshindwa sasa yalikuwa ushahidi dhidi ya mstari ule, na akaanza kuyaandikia makala. Alimtumia Ndanu ujumbe mfupi: hesabu ni zake, kwa hivyo jina lake litakuwemo, atume faili zote. Ndanu alizituma pamoja na ukurasa mzima wa kuomba radhi. Idil akajibu kuhusu faili peke yake.

Baada ya mwezi mmoja Batulo alipiga simu. Alitaka kujua mbona binti yake wa pili amepotea, na kwa nini aliisahau shali. Idil hakuwa amemwambia kitu. Ndanu alianza kusema kazi zimekuwa nyingi, akajikatiza, akamsimulia yote tangu mwanzo.

Kwenye simu zilisikika pikipiki zikipita mbele ya duka.

"Nilikuwa namkuta akilia jikoni," Batulo akasema mwishowe. "Nikawa namwambia ni uchovu."

"Ndiyo, mama."

Batulo akasema kuna mteja anamngoja, akakata simu.