Karanga Ndani ya Sukre

Nyumba yangu haina dirisha. Watoto wamejaa ndani, wamenyamaza. Ukifungua mlango, wote wanakimbilia juu. Ni nini?

Kitendawili hiki nilimtegea mwanangu Landry alipokuwa mdogo, wakati nilipouza vinywaji pale treni ya Kabalo inaposhusha watu. Alijibu upesi: chupa ya sukre, soda yetu ya gesi. Sasa Landry yuko makaburini, nami vitendawili nawategea kuku. Kuku hawajibu.

Homa ndiyo iliyomchukua. Lakini kwenye matanga mtu mmoja alinong'ona kwamba mama mwenyewe njo alikula mutoto wake kwa uchawi, na mnong'ono wa namna hiyo hauhitaji miguu. Mkwe wangu Noëlla akambeba mjukuu wangu Monique, wakaenda Kabalo kwa wazazi wake. Tangu hapo hakuna aliyeonja hata maji kwangu. Watu wananisalimu vizuri, wanakaa kidogo, wanasema hawana kiu. Katika jua hili la Kalemie!

Juzi habari ikaja: Noëlla anashuka na treni, anapanda boti kwenda Mpala kumwona shangazi yake mgonjwa. Atapita kunisalimu. Nilielewa kwamba anakuja kunipima. Akinywa kwangu, mnong'ono umekufa, na Monique atakuja kwangu likizo. Asiponywa, basi.

Kwetu ukiwa mgeni huletewi kinywaji kilichomiminwa huko ndani. Unaletewa chupa imefungwa, inafunguliwa mbele ya macho yako, nawe unasikiliza. Ikilia psss, unajua hakuna mkono mwingine uliotangulia.

Nilinunua chupa ya machungwa, nikampelekea jirani yangu Chantal, muuza samaki, aizike katika barafu yake tangu asubuhi.

"Mama, unataka kumugandisha mukwe?" akacheka.

"Nataka ajue nimemungojea."

"Basi meno yake yakidondoka, usinitaje."

Walifika jua likiwa kali. Noëlla alinipa kimfuko cha karanga za Kabalo, maana haji mikono mitupu. Monique amerefuka, paji la uso ni la baba yake tupu. Alitaka kunikimbilia, mama yake akamshika bega. Tukaketi barazani. Karanga nikazimwaga kwenye sahani, chupa nikaipangusa, nikaiweka kwenye kigoda kati yetu, nikatia kifungua chupa.

Tk.

Kifuniko kilianguka chini. Kilichotoka ni pumzi tu, kama ya mtoto aliyelala. Povu hakuna. Noëlla aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Mama, haikulia. Mulishaifungua?"

Mimi, niliyeuza sukre mpaka nikazeekea pale! Chupa ya moto hupiga kelele, chupa ya baridi hunong'ona. Gesi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi, huioni. Joto huisukuma itoke, baridi huishika ibaki. Hilo nalijua kama jina langu, lakini furaha ya kupata mgeni ilinisahaulisha. Nilimweleza hivyo.

"Ndiyo, Mama," akasema, kwa sauti ile watu wanayomjibia mwongo.

Nikamimina kwenye glasi, nikaonja mimi kwanza kama ilivyo desturi. Haikusaidia. Wanasema mchawi hafi kwa dawa yake mwenyewe.

"Sina kiu," akasema Noëlla. "Na boti haingoji muntu."

Alishasimama, anafunga kitenge upya. Nikachukua punje moja ya karanga zake, nikaidondosha kwenye glasi.

Ilizama, ikalala. Nikafikiri imekwisha. Kisha viputo vikaanza kuishika, vidogo kama mayai ya samaki, maana gesi iliyonyamaza inatafuta tu mahali penye mikwaruzo pa kujishikiza. Karanga ikavaa viputo mwili mzima, ikapanda polepole. Ilipofika juu vikapasuka, ikazama. Ikapanda tena.

"Inaogelea!" Monique akapiga makofi.

"Sukre iliyolala wazi haina nguvu ya kuinua karanga," nikasema.

Noëlla aliachia kitenge. Akaketi.

"Landry alinifanyia mchezo huu," akasema. "Siku ile alikuja kwetu mara ya kwanza. Papa akamuuliza kama amekuja kuoa ao kuchezea karanga."

"Nilimufundisha mimi. Akajibu nini?"

"Akasema, 'Papa, vyote viwili.'"

Tulitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

Monique akanyoosha mkono kwenye glasi. Mama yake akaudaka. Akaushika hapo hewani, huku karanga ikipanda na kushuka. Niliinamisha macho yangu. Sikutaka kuomba. Kisha nikasikia meno madogo yakigonga glasi.

"Nkambo, inachoma pua!" Monique akaniambia mimi bibi yake.

Nilipoinua macho, mkono wa Noëlla ulikuwa gotini kwake.

Yeye mwenyewe hakunywa. Barabarani aligeuka. "Habari ya likizo, Mama... tutaona." Wakashuka njia ya bandarini, Monique akitembea kinyumenyume, akinipungia mkono mpaka kona ikawaficha.

Glasi ilibaki nusu. Joto la mchana lilikuwa limeingia ndani yake, na viputo sasa vilipanda vyenyewe, kundi kwa kundi. Niliitegea sikio. Vililia kidogo, kama watu wanaozungumza katika nyumba ya mbali. Nikakaa hivyo mpaka viliponyamaza. Nikaitoa karanga kwa kidole, nikaila.