Mikono Tu, Bila Kelele

Orrin Haugland alifanya kazi miaka arobaini na mmoja katika kiwanda cha sukari, kaskazini kabisa mwa Minnesota, ambako baridi hupasua mabomba ndani ya kuta. Miaka yote hiyo hakupata likizo hata moja ya majira ya baridi. Viazi sukari huvunwa majani yanapoanguka, mitambo husaga usiku na mchana mpaka theluji iyeyuke, na wakubwa hawataki kusikia habari za mtu kwenda kuota jua. "Mwakani, Orrin," msimamizi alimwambia kila mara, naye akaenda nyumbani kumwambia mkewe Lavonne, "Mwakani, mama." Msimamizi mwenyewe kila Januari alikuwa Florida, na alirudi na pua iliyobabuka.

Siku aliyostaafu walimpa keki ya dukani na mkono wa kwaheri. Januari iliyofuata wakakodi gari la nyumba kwa wiki sita, kubwa kama basi, lina kitanda, jiko na choo humo humo. Walikubaliana wayajaribu maisha ya barabarani. Wakiyapenda watauza nyumba wanunue gari lao, wasipoyapenda basi. Lavonne alikuwa akikata picha za jangwa la Arizona kwenye magazeti tangu binti yao yuko shule ya msingi. Njiani aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Kuna jambo Orrin hakumwambia. Mwezi wa Oktoba daktari wa macho alimkalisha kitini na kumweleza kwamba presha ya macho imeshakula karibu jicho lote la kushoto, na la kulia limeanza kuingia ukungu. "Usiendeshe tena mpaka nikupime upya," daktari alisema. Orrin alifika nyumbani, akavua viatu, akasema daktari kamsifu, macho yake ni ya mwewe. Aliogopa. Angesema ukweli, ingekuwa mwakani tena, na safari hii neno hilo lingetoka kinywani mwake mwenyewe, si mwa msimamizi.

Barabara kuu aliiona, ni pana na imenyooka. Shida ilikuwa kwenye vioo vya pembeni.

Sasa, katika kambi za magari haya, kuegesha ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwenzake anasimama nyuma upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo, anaongoza kwa mikono. Mikono ikipishana juu ya kichwa, simama. Mwenzako akikupotea kwenye kioo, unakanyaga breki papo hapo, huulizi kwa nini. Hayo walifundishwa na kijana wa kampuni ya kukodisha kwa dakika kumi, maana mabosi wake hawakuona haja ya kumlipa ya kumi na moja.

Kambi ya kwanza ilikuwa New Mexico. Gari geni linapoingia, wenyeji hutoa viti vyao nje, hukaa na vikombe vya kahawa kutazama, kama watu waliokata tiketi. Lavonne alisimama nyuma, akapunga mikono, kisha akaona Orrin anazidi kuja.

"Simama! Simama, Orrin! Mti! Mti huo!"

Lavonne aliimba kwaya ya kanisa miaka thelathini. Kambi nzima ilisikia. Orrin alisimama, gari likapona, na watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyevaa kaptura akadakia, "Mpe mama usukani, babu, wewe nenda ukapike!"

Orrin alikula maharage yake yote. Alipomaliza akasukuma sahani.

"Kuanzia kesho mikono tu. Usinipigie kelele. Mimi si ng'ombe."

"Na usiponiona?"

"Nitakuona."

"Haya, bwana mkubwa," Lavonne akasema akicheka. "Mdomo nimeufunga. Ukigonga mti, mwambie mti ndio uliokosa adabu."

Orrin hakucheka. Alijua vizuri kwamba jioni ile kioo hakikumwonyesha kitu, sauti ya mkewe ndiyo iliyomwegeshea gari. Alijua, na bado aliikataza, kwa sababu mzee wa kaptura alimtania mbele za watu. Wapo wanaume ambao leo wangetoa chochote wapigiwe kelele kama ile hata mara moja tu.

Arizona waliingia saa tisa mchana, jua limemwagika kila mahali kama alivyoliota Lavonne. Ofisi ya kambi iliwapa nafasi nyembamba, kati ya nguzo ya umeme na meza ya zege, ingawa nafasi pana zilikuwa tupu. Zile ziliwekwa kwa wanaolipia mwaka mzima. Viti vikatoka nje. Lavonne alishuka na jaketi lake la rangi ya machungwa, akasimama alipotakiwa kusimama.

Orrin akatazama kioo. Kilikuwa na rangi ya mchanga tupu. Hakuna jaketi, hakuna mke.

Hapo ndipo alipotakiwa kukanyaga breki. Lakini njiani magari mawili yalikuwa yakingoja apishe, moja likapiga honi, na watu walikuwa wakitazama. Akajiambia Lavonne hajapiga kelele, kwa hiyo njia ni nyeupe. Akarudi nyuma.

Lavonne alipishanisha mikono juu ya kichwa. Alipoona gari linakuja tu, alisogea ndani zaidi ya nafasi, karibu na meza, ili mumewe amwone. Kona ya gari ikaubana mkono wake kwenye meza ya zege, ukavunjika mahali pawili. Waliopiga kelele ni wale wa vitini.

Hospitalini walimfunga plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Meneja wa kambi aliwafuata huko huko na fomu yake. Alikuwa ameshaanza kuandika.

"Mama alisimama mahali pabaya, siyo? Huwa hivyo na wageni. Nikiandika hivyo bima haitusumbui, si nyinyi wala sisi."

Orrin alitia sahihi.

Asubuhi yake jirani yao, Marva Tidwell, alibisha hodi akiwa na pai ya tufaha. Ni mjane mwenye ngozi iliyokaushwa na misimu kumi na miwili ya jangwani, na hana haya na mtu.

"Shoga yangu, nyuma ya gari hawasimami hivyo," akasema, akijikatia kipande cha pai yake mwenyewe. "Mwaka wa kwanza marehemu wangu alinisukuma mpaka mtaroni. Nilitoka nanuka wiki nzima, naye anadai nimeharibu mtaro."

Lavonne alicheka kidogo, akaushika mkono wa plasta. "Ni kosa langu. Nilisogea. Maskini Orrin, hajalala."

Marva alipoondoka, Lavonne aliweka kikombe chini kwa mkono wake mzima.

"Nimefikiri," akasema. "Turudi nyumbani. Kazi ya nyuma mimi siiwezi, na bila mtu wa nyuma hakuna safari. Nyumba tusiiuze. Nisamehe, mzee. Umeingojea safari miaka yote hii, nami nimekuharibia wiki ya kwanza."

Njia ilifunguka mbele ya Orrin, pana na laini. Angeitikia tu. Wangetafuta dereva, kisingizio kikiwa mkono wa Lavonne, wangefika kwao, na jicho lingeendelea kuwa siri yake na daktari. Mkewe angezeeka akisimulia jinsi alivyosimama vibaya Arizona. Akamtazama. Plasta ilikuwa nzito kwake, alikuwa ameiegemeza kwenye mto kama mtoto wa mtu mwingine aliyeombwa amshike.

"Hukusimama vibaya," akasema.

"Nilisogea, Orrin."

"Sikukuona. Tangu mwanzo sikukuona. Jicho limekufa, Lavonne. Daktari aliniambia Oktoba nisiendeshe."

Lavonne alitazama dirishani. Jirani wa pili alikuwa akipiga mswaki nje na kutema.

"Oktoba," Lavonne akasema.

"Ningekwambia. Lakini wale watu wa kiwanda, Lavonne, miaka arobaini na mmoja wananiambia mwakani. Wangenipa hata likizo moja nikiwa bado naona..."

"Msimamizi alikuwa kwenye usukani jana?"

"Hapana."

"Basi muache Florida aliko." Sauti yake ilikuwa ya chini, na Orrin alitamani ipande. "Umeniendesha siku tano, mimi naimba. Tumepita mabasi ya shule. Na jana usiku nimekuomba radhi mara ngapi? Ulihesabu?"

"Hapana."

"Mimi nimehesabu. Mara sita. Na kila mara ulisema, usijali."

Orrin alisogea. Akataka kumshika mkono, akakuta ulio karibu naye ni ule wa plasta.

Lavonne aliinuka taratibu, akachukua funguo za gari juu ya meza, akazitia mfukoni mwa gauni.

"Hatuendi popote," akasema. "Zimebaki wiki tano tulizolipia, na jua liko hapa. Ukimaliza vyombo, nenda ofisini ukafute ile fomu. Wakikataa, kaa hapo hapo mpaka waifute."

"Na nyumba?"

"Usiniulize habari za nyumba leo."

Akashuka ngazi moja moja. Orrin alibaki mbele ya sinki na vikombe viwili. Dirishani alimsikia anavuta kiti, Marva anauliza anajisikiaje, kisha sauti ya kwaya, ile ya kufika mpaka viti vya mwisho kanisani.

"Nilisimama sawasawa, Marva! Mume wangu haoni! Alijua haoni!"

Mlango mmoja ulifunguka mahali fulani, na viti vikaburutwa. Orrin alikuwa na mkono kwenye komeo la dirisha. Hakulifunga. Aliosha vikombe, akavifuta, akavaa kofia yake, akatoka kupita katikati yao kwenda ofisini.