Upande Mmoja wa Tundu

"Waya umekatika tena," msimamizi alisema, akalibwaga lile bonge dogo la chuma mezani. "Mara ya nne wiki hii. Mama, una uhakika bado unaona?"

Mng'arishaji wa matundu alilivuta bonge karibu. Miaka kumi na tisa amekaa katika chumba hiki, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wiki hii ameulizwa mara tatu. Alikwishaambiwa wazi: asipopata maelezo leo, kesho anahamia stoo kufagia, na kiti chake kinapata mwenyewe mwingine.

Katikati ya bonge lile kulikuwa na almasi. Si ile ya kumetameta vidoleni mwa watu. Hii ilikuwa nyeusi tii, unga wa almasi uliopikwa kiwandani kwa moto na mgandamizo mpaka chembe zikashikana. Katikati ya weusi huo kulikuwa na tundu. Waya wa shaba huingia humo mnene, hutoka mwembamba, na kazi yake yeye ni kulisugua tundu mpaka liteleze. Mumewe hupenda kumtania kwamba anashinda na almasi kutwa nzima, jioni anarudi na kucha chafu.

Alilipangusa kwa pamba, akaliweka chini ya hadubini, akainama. Upande mmoja ulikuwa umelika vibaya. Upande wa pili uliteleza vilevile alivyouacha.

Moyo ulimruka kwa furaha, kisha furaha ikamwishia. Waya ulikuwa unaingia kombo, na bonge hili lilitoka mashine namba tatu, inayoendeshwa na mdogo wake.

Alimfuata huko huko kwenye kelele, akamwashiria azime.

"Unafunga tundu kombo."

"Dada, nikianza kupimapima, zamu inaisha sijafika popote."

"Wananitoa mimi kwa ajili ya uvivu wako!"

Mdogo mtu alifuta mikono polepole. "Sema tu macho yamechoka. Wewe watakuhamisha, mimi watanifukuza. Na watoto wangu unawajua."

Anawajua! Wote watatu amewabeba mgongoni. Alitamani kumzaba kofi mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake. Tangu utotoni ni hivi hivi: huyu avunje, yeye aseme ni yeye.

"Na mimi nimeze mpaka lini?" aliuliza. Mdogo wake aliwasha mashine.

Alirudi chumbani kwa hasira. Msimamizi alikuwa bado anasubiri, mikono kiunoni.

"Haya, umeona nini?"

"Angalia mwenyewe."

Msimamizi aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo kitambo. "Limelika upande mmoja. Si ulisugua upande mmoja?"

"Ningesugua vibaya, huku kwingine kungeteleza hivyo?"

"Basi ndivyo almasi zilivyo."

Njia ilikuwa imefunguliwa, pana kabisa. Kuitikia tu, yangeisha, jiwe libebe lawama. Lakini jiwe lile alilijua kuliko alivyowajua watu wengi, na alikuwa amechoka.

"Jiwe la ardhini lina upande mgumu na upande laini," alisema. "Hili ni chembe maelfu, kila moja imeelekea kwake. Linalika sawasawa kuzunguka, mzee. Labda waya uingie kombo."

Msimamizi alinyooka taratibu. "Limetoka mashine gani?"

"Ya tatu."

"Na zamu hii iko na nani?"

"Unamjua," alisema. "Mimi ndiye niliyekuletea."

Msimamizi alitoka. Mwanamke akachukua tundu jingine kutoka kwenye sanduku, akaanza kulipangusa. Upande wa pili wa ukuta mashine ya tatu ilishusha sauti, ikashusha tena, ikanyamaza. Hakuinua uso. Tundu lilikuwa safi tangu mwanzo, naye aliendelea kulipangusa.