Sayari Yenye Uhai, Alama Mbili

Mume wangu ni mwalimu wa sayansi, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi nikiwa nimekasirika. Binti yetu tunamwita Bi Kwanini, kwa sababu neno hilo alilijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Tangu akiwa na miaka minne, wawili hao waliniacha nje ya mazungumzo yao. Mimi nafua, wao wanajadili Jua litazimika lini. Mimi napika, wao wanahesabu sayari. Nilikuwa nawaambia kwamba huko juu hakuna mtu atakayeshuka kuwaoshea vyombo.

Swali walilolipenda kuliko yote lilikuwa hili: je, kuna sayari nyingine kama yetu, yenye viumbe hai? Mwalimu hakuwahi kumjibu ndiyo wala hapana. Alimwambia nyota hazina idadi, nyingi zina sayari zake, na sisi tumechungulia chache tu, tena kwa mbali.

"Mtu aliyechungulia chumba kimoja," alisema, "hawezi kuapa kwamba nyumba nzima haina watu. Anayesema sijui hajashindwa. Ndiyo kwanza ameanza kazi."

Mwaka jana Bi Kwanini alifanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Alitaka kitu kimoja tu maishani, shule ya bweni ya sayansi, yenye maabara na darubini juu ya paa. Mwaka huohuo Mwalimu aliitwa kwa mara ya kwanza kwenda kusahihisha mtihani huo. Kanuni iko wazi: mwenye mtoto anayefanya mtihani hasahihishi, na kuna fomu ya kutamka hivyo. Lakini alikuwa ameisubiri heshima hiyo miaka kumi na moja, akiwaona wadogo zake kazini wakiitwa na yeye akiachwa. Akaandika kwamba hana mtoto. Aliniambia karatasi ni maelfu kwa maelfu, tena zina namba, si majina, kwa hiyo hakuna atakayeonewa. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akacheka, akafunga begi.

Kule wanasahihisha kama kiwandani. Kila mtu anapewa swali moja tu. Karatasi ikimfikia, anatia alama kwenye swali lake, anaandika pembeni herufi za kwanza za jina lake kwa wino mwekundu, anampasia jirani. Yeye akaangukiwa na swali la kumi na tisa: je, kuna sayari nyingine yenye viumbe hai? Toa sababu. Alama mbili. Na mwongozo wa majibu ulisema: hapana, ni Dunia pekee, kwa kuwa ndiyo yenye maji na hewa.

Siku ya kwanza alinyoosha mkono, akasema jibu sahihi ni kwamba hatujui. Kiongozi wa meza yao, mama mmoja mpole aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, alimwambia mwongozo umeshapitishwa, na watoto laki na ushee hawawezi kusubiri walimu wamalize kubishana na mbingu. Wenzake wakacheka. Mwalimu akakaa, akaanza kutoa sifuri.

Haya yote sikuyajua wakati huo. Matokeo yalipotoka, Bi Kwanini alikosa shule ile kwa alama moja. Moja tu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na karatasi ya matokeo magotini, wala hakulia, na hilo liliniuma zaidi. Mwalimu mkuu wa shule yake akatuletea fomu ya rufaa. Mzazi akitia sahihi, karatasi ya mtoto inatolewa stoo na kupitiwa upya, swali kwa swali. Nikampelekea mume wangu kalamu. Akasema rufaa hazisaidii kitu. Nikamwambia hata kama hazisaidii, sahihi si gunia la kubeba. Alikataa siku tatu. Siku ya nne nilifunga mlango wa chumba, nikamwambia hatoki mpaka anieleze.

"Nilimsahihisha mimi," alisema.

Siku ya sita ilimfikia karatasi yenye mwandiko anaoujua, ile herufi ya t iliyokatwa kwa nguvu mpaka karatasi inachanika kidogo. Mtoto alikuwa ameandika kwamba hatujui bado, na kwamba aliyechungulia chumba kimoja hawezi kuapa kuwa nyumba nzima haina watu. Kiongozi wa meza alikuwa akikagua karatasi moja katika kila kumi. Kama angetia mbili na hiyo ikakaguliwa, angeulizwa kwa nini, na maswali yangeishia kwenye namba ya mtahiniwa. Akatia sifuri, akaandika herufi zake, akampasia jirani.

"Nilikuwa nimeshawapa sifuri watoto mia nne waliosema hatujui," alisema. "Nimpe wangu tu? Hiyo ni haki?"

Nilimwambia asinitajie haki. Haki ingekuwa kubaki nyumbani kama kanuni inavyosema, au kuwapa wote mia nne alama zao, na wetu yake, kisha afukuzwe akiwa mtu. Alichokuwa nacho ni woga, akauvalisha joho la haki. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia, na cha mtoto huyu ndicho kilichomshonea hiyo nguo.

Sasa mnaweza kunigeukia mimi, maana fomu ile ningeweza kuitia sahihi mwenyewe. Mzazi ni mzazi. Niliiweka mezani, nikashika kalamu. Nikawaza karatasi itakavyotolewa, herufi nyekundu za baba yake zitakavyoonekana, na sisi tunaishi nyumba ya walimu, ndani ya uwanja wa shule anayofundisha. Nikawaza aibu pia, nisiseme uongo. Siku ya mwisho ya kupokea rufaa ilipita nikipiga pasi, na nilijua kabisa ni siku gani. Mtoto tulimwambia rufaa ilikataliwa.

Sasa anarudia darasa. Jumamosi asubuhi alikuwa mezani na daftari lake, baba yake akitengeneza mguu wa kiti, mimi nikikunja nguo. Akauliza, bila kuinua kichwa, swali la sayari likija tena mwaka huu aandike nini.

Mwalimu aliendelea kugonga msumari uliokuwa umeshaingia.

"Andika hapana," nilisema mimi. "Dunia pekee. Maji na hewa."

Mtoto akaweka kalamu chini, akamgeukia baba yake, akingoja abishe. Maisha yake yote, mtu akisema hivyo nyumbani kwetu, baba hubisha. Alingoja hivyo, tabasamu la ubishi likiwa tayari usoni. Baba akachukua msumari mwingine. Basi akainama, akaandika kama nilivyomwambia, akapiga mstari chini yake kwa rula.